Mlingoti: neno la vyombo vya pwani lililotia nanga Buganda

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Nafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari hapa Masaka. Juzi tulisoma darasani habari iliyosema bendera zitapepea nusu mlingoti. Mwanafunzi mmoja akadai neno hilo ni la kwetu, kwamba Waswahili wamelitoa kwenye Kiganda, omulongooti. Mwingine akasema ni 'mast' ya Waingereza iliyogeuzwa. Mimi chuoni nilifundishwa kwamba limetokana na kitenzi kulinga. Watangazaji wa mpira nao wana mlingoti wao, na watu wa simu wana wa kwao. Mlingoti ni nini hasa, na neno lenyewe limetoka wapi?"

Jibu: Marahaba, mwalimu mwenzangu. Swali lako nalipenda, na nitalijibu kuanzia baharini. Neno hili ukilishusha kutoka kwenye chombo kabla hujalielewa, litakuzungusha mpaka likupotee.

Mlingoti ni mti mrefu, mnyoofu, unaosimamishwa ndani ya chombo ili kubeba tanga. Hiyo ndiyo maana ya kwanza, na maana nyingine ulizozitaja zote zimechipuka hapo. Katika jahazi la pwani, tako la mlingoti haliishii juu ya sitaha. Linashuka mpaka chini kabisa na kuingia kwenye tundu la gogo liitwalo mwashiri, nalo mwashiri limelazwa juu ya mkuku, ule uti wa mgongo wa chombo. Methali mnayowafundisha watoto, "Kuenda tezi na omo, marejeo ni ngamani," inataja sehemu hizohizo: omo ni mbele, tezi ni nyuma, ngama ni kule chini maji yanakokusanyika. Mlingoti nao mizizi yake iko huko chini.

Juu yake hupandishwa foromali, mti wa kulala unaofungiwa tanga. Kamba ya kuipandishia ni jarari. Kamba ya kushikia pembe ya chini ya tanga, ile ambayo mabaharia huilegeza na kuikaza kadiri upepo unavyobadilika, ni demani. Vyombo vikubwa huwa na mlingoti wa pili, mdogo, karibu na tezi. Huo huitwa mlingoti wa galme. Na kuna mlingoti wa maji, jina ambalo kila nikilisema hunipa furaha: ni ule mti unaochomoza mbele ya omo na kuning'inia juu ya maji.

Ukilitazama jahazi ubavuni utaona mlingoti wake umeinamia mbele. Mtu wa bara akiuona mara ya kwanza hudhani umelegea. Haujalegea, umewekwa hivyo kwa makusudi. Foromali ni nzito, na mti ukiinama mbele, foromali huning'inia wazi bila kuusugua. Jarari hufungwa huku nyuma, upande wa tezi, kwa hiyo kamba ileile iliyopandisha tanga ndiyo inayouvuta mlingoti usiangukie mbele. Ndiyo maana baharia hawezi kukueleza mlingoti bila kukutajia kamba zake.

Zamani nilikaa siku chache Lamu, na nahodha mmoja mzee akanipeleka pwani kunionyesha chombo kilichopandishwa nchi kavu ili kitengenezwe. Sikuwa nimemwuliza chochote. Alipanda, akakunja kidole, akaanza kuubisha mlingoti kwa kifundo, kuanzia kimo cha kifua akishuka mpaka palipozama sitahani. Tok, tok, tok, sauti kavu. Karibu kabisa na sitaha sauti ikabadilika, ikawa nzito na fupi, kama unapiga ngoma iliyolowa. Akarudia mara tatu, kisha akanishika mkono akanifanya nibishe mwenyewe. "Hapo mti umekufa," akaniambia, "na juu unang'aa." Maji ya mvua huteremka kwenye mti, yakatuama pale unapopenya sitaha, na kuoza huanzia hapo. Tangu siku ile, nikiliona neno mlingoti kitabuni, nalisikia kwanza kwa kidole.

Sasa tuje kwenye mabishano ya darasani kwako. Nianze na "mast", kwa kuwa hilo ndilo jepesi. Neno la Kiingereza ni la kale sana, lina ndugu katika lugha za Kijerumani na Kiholanzi, na wataalamu huliunganisha na Kilatini malus, lenye maana ileile. Wafaransa walilichukua kwa majirani zao wa Kijerumani likawa mât. Wareno wana mastro. Lakini kutoka "mast" mpaka "mlingoti" hakuna njia ya sauti. Kiswahili kikikopa neno la namna hiyo huliongezea irabu mwishoni na kuacha konsonanti mahali pake, kama ilivyokuwa kwa posta na testi. Tungepata "masti". Hatuwezi kueleza l imetoka wapi, ng imetoka wapi, na o imeingiaje.

Wareno nitawasimamia kidogo, maana wana funzo. Vasco da Gama alifika pwani yetu mwaka 1498, na watu wake na waliomfuata walikaa karne mbili wakitupa maneno ambayo hatuyaoni tena kuwa ya kigeni: meza, kasha, leso, mvinyo, gereza. Bendera ni mojawapo, kutoka bandeira. Mastro wao hatukulichukua. Bendera ilipokuja ilikuta mti umeshasimama na una jina. Kwa hiyo unaposema "bendera iko mlingotini", nguo ina jina la Kireno na mti una jina ambalo Wareno hawakutupa.

Waarabu je? Baharia wa Kiswahili amejaa maneno ya Kiarabu na Kiajemi mdomoni. Nahodha ni Kiajemi, "bwana wa chombo". Rubani, baharia na usukani ni Kiarabu. Ungetarajia mlingoti nao uwe umekuja kwa merikebu hizohizo. Lakini Waarabu wa Ghuba, ambao ndio waliokuja kwetu kwa pepo za kaskazi, huuita daqal, na Waarabu wa Bahari ya Kati husema sari. Mlingoti haufanani na hata moja kati ya hayo.

Wapo wanaokimbilia kusema: basi tazama m- ya mwanzo, mlingoti milingoti, ngeli ya mti miti, hili ni la Kibantu moja kwa moja. Ningewasihi wasiegemee hapo peke yake. Msumari ni Kiarabu, mismar, lakini Mswahili alipolisikia aliitwaa ile sauti ya mwanzo kuwa kiambishi, akapata misumari. Mnara na minara ni vivyo hivyo. Ngeli inakuonyesha jinsi wasemaji wanavyokitazama kitu, na hapa wanautazama mlingoti kuwa mti miongoni mwa miti. Cheti cha kuzaliwa cha neno hutakipata kwenye ngeli.

Hilo la kulinga ulilofundishwa chuoni linapendeza, nami nilipata kulifundisha. Wanasema mlingoti hulinganisha chombo, hukifanya kisilale upande. Shida yake ni mbili. Ya kwanza ni ya kazi yenyewe: mti mrefu wenye tanga juu ndio unaokilaza chombo upande. Kinachokilinganisha ni shehena chini na mabaharia wanaojisogeza upande wa upepo. Ya pili ni ya sarufi, na ndiyo iliyonifanya niliache. Kutokana na linga tunapata mlingo, ulinganifu, mlinganyo. Hatuna tamati -oti inayozalisha nomino kutoka kitenzi. Wengine hujaribu kuokoa jambo kwa kusema -ti ni ya mti, yaani "mlingo-mti". Lakini Kiswahili kinapounganisha maneno hakimvui mwenzake kiambishi: tunasema mtambaapanya, mwanamaji, kifunguamimba, na kila neno linabaki na vazi lake. Tena kamusi za zamani zimeandika mlingote na mlingoti, na mpaka leo utasikia wanaosema mlongoti. Neno ambalo i na o zinabadilishana hivyo katikati ya shina halikai vizuri juu ya kitenzi kulinga.

Tukifika hapo, tunabaki na neno la mabaharia wa pwani, lililokuwa vinywani mwao kabla ya wamishonari kulitia kamusini, lenye umbo la Kiswahili na kazi ya chombo. Kumbuka pia kwamba matanga ya pwani hayakuanza na jahazi. Mtepe wa Lamu, uliokuwa ukishonwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja, ulikuwa na mlingoti wake uliosimama wima na tanga la mraba lililofumwa kwa majani ya mkoma au mnazi. Chombo hicho kilikuwa kazi ya watu wa pwani wenyewe.

Na hapo ndipo naingia kwa yule mwanafunzi wako wa kwanza, ambaye namheshimu sana kwa sababu alitumia masikio. Omulongooti na mlingoti ni neno moja, hilo hajakosea. Alilokosea ni mwelekeo wa safari. Neno limetoka pwani likaja Buganda, na Kiganda chenyewe ndicho kinachotoa ushahidi.

Msikilize Mswahili akisema mlingoti: sauti inakaza na kuvutika kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, -ngo-. Muganda anayo tofauti halisi kati ya irabu fupi na ndefu, kwa hiyo mvuto ule akausikia kuwa irabu ndefu na kuuandika kwa herufi mbili: omulongooti. Mara nyingi Kiganda kimefanya hivyo hivyo na maneno yaliyopanda kutoka pwani. Sabuni imekuwa ssabbuuni. Karani amekuwa kalaani. Meli imekuwa emmeeri. Msumari, yule Mwarabu tuliyemwona akivaa kiambishi, amefika kwenu akiwa omusumaali. Irabu ndefu mahali pale ni kama mhuri wa forodha. Wape wanafunzi orodha hiyo ubaoni, wataanza kuwinda mengine wenyewe.

Sasa linganisha na neno ambalo kweli ni la undugu, ambalo hakuna aliyemkopa mwenzake. Kafi ya Mswahili na enkasi ya Muganda ni kifaa kimoja, cha kupigia maji. Neno hilo wote wawili wamelirithi kwa babu mmoja wa Kibantu, na kila mmoja amelibadilisha kwa kanuni zake: mahali palipokuwa na p mbele ya i ya kale, Kiswahili kikaweka f, Kiganda kikaweka s. Ndiyo maana sisi tuna mafiga na ninyi mna amasiga. Sisi tuna figo, ninyi ensigo. Kafi, enkasi. Neno la urithi huonyesha mabadiliko ya zamani namna hiyo. Omulongooti haina kovu kama hilo. Imefika karibuni, ikiwa nzima.

Historia ya Ziwa Victoria nayo inakubaliana na sauti. Mitumbwi ya Buganda na visiwa vya Ssese ilikuwa vyombo vya kusifiwa, mbao zilizoshonwa juu ya mkuku, omo ndefu iliyopambwa kwa pembe, na wapiga kafi wakiwa wamejipanga pande zote mbili. Kabaka, mfalme wa Buganda, alikuwa na jeshi lake la majini kwa vyombo hivyo. Vilikwenda kwa nguvu za mikono, na chombo cha kafi hakihitaji mlingoti. Hata kushona wameshona kama watu wa mtepe, ila bila tanga. Nikiwaza hilo hutamani kuwaona fundi wa Lamu na fundi wa Ssese wamekaa pamoja, kila mmoja akimshangaa mwenzake.

Wafanyabiashara wa pwani walianza kufika Buganda wakati wa Kabaka Suuna II. Ahmed bin Ibrahim anatajwa kufika mwaka 1844. Misafara hiyo ilitembea na bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar, na bendera haiendi bila mti. Chini ya Muteesa I Kiswahili kikawa kinasikika barazani kwake. Machi 1875 msafiri Stanley aliingiza ziwani mashua yake, Lady Alice, iliyobebwa vipandevipande kutoka pwani, yenye mlingoti na tanga, na waliompigia makasia walikuwa watu wa Unguja na pwani. Miaka hiyohiyo Songoro, mfanyabiashara wa pwani aliyekuwa Ukerewe, alikuwa akiunda jahazi kwa ajili ya ziwa hilo. Wamishonari wa Kianglikana walikuja kulinunua kwake mwaka 1877. Watu waliosimamisha miti ya tanga juu ya Nalubaale, kama Waganda wanavyoliita ziwa hilo, walikuwa wakisema Kiswahili wakati wakivuta kamba. Ni jina gani jingine ambalo watu wa ufukweni wangelisikia?

Kwa hiyo bendera ya Mreno na mlingoti wa Mswahili viliingia Kiganda vikiwa vimeshikana mikono, bbendera na omulongooti, na vimekaa hivyo mpaka leo.

Kuhusu matumizi ya sasa nitakwenda haraka zaidi. Kutoka kwenye chombo, mlingoti ulihamia kwa mti wa bendera, kwa sababu chombo ndicho kilichokuwa kikipandisha bendera kabla ya ofisi na shule. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Oktoba 1962, pale Kololo, bendera ya Uingereza ilishushwa na ya Uganda ikapandishwa, na Mswahili anayeisimulia habari hiyo atasema ilipanda mlingotini. "Nusu mlingoti" ni tafsiri ya msemo wa Kiingereza, na yenyewe ni desturi ya mabaharia kuomboleza. Waambie wanafunzi jambo ambalo wengi hawalijui: bendera haisimamishwi katikati moja kwa moja. Hupandishwa kwanza mpaka juu kabisa, ikatulia, ndipo ikashushwa. Na ikiondolewa jioni hupandishwa tena juu kabla ya kuteremshwa.

Mpira ulipoingia, watangazaji walihitaji maneno upesi. Miti miwili ya goli ikawa milingoti, na ule wa juu ukaitwa mtambaa wa panya, jina la boriti ya darini ambako panya hupita usiku. Napenda sana kwamba goli moja limejengwa nusu kwa neno la chombo na nusu kwa neno la nyumba. Shuti likigonga mlingoti uwanjani Namboole, mtangazaji anatumia neno la nahodha, ajue asijue.

Kwa ule wa simu, ushauri wangu ni huu: kama ni chuma kilichofumwa kwa miguu mitatu au minne, sema mnara. Kama ni nguzo moja tupu iliyonyooka, mlingoti utafaa. Mlingoti ni kitu kimoja kisichogawanyika, na naona inafaa tuilinde picha hiyo.

Kuna tawi moja la mwisho ambalo huenda likawafurahisha. Kusini mwa Tanzania, huko Njombe na Iringa, watu wanapanda mashamba ya milingoti na kuuza nguzo zake. Wanakusudia mkaratusi, huu mnaouita kalitunsi. Mti ulikatwa ukawa mlingoti wa chombo, jina likakaa baharini muda mrefu, kisha likarudi nchi kavu kuuita mti ulio hai, kwa sababu tu umenyooka kama mlingoti.

Kwa vile uko Masaka, Bukakata haiko mbali. Siku moja wapeleke wanafunzi gatini wakati kivuko cha kwenda Luku kinafunga kamba. Waonyeshe mlingoti wake. Hauna tanga, lakini una kazi: ndiko iliko taa nyeupe ya mbele ambayo sheria za bahari zinataka ionekane kwa upana wa nyuzi 225, na huko ndiko huwekwa vyombo vya redio. Kisha mtafuteni mzee mmoja wa mitumbwi pale ufukweni, mwombeni kwa adabu awatajie jina la mti huo kwa Kiganda. Msimsaidie kulitamka. Mwanafunzi wako wa kwanza asimame karibu, aisikilize ile oo, ahesabu inachukua muda gani.